Jinsi ya kukusanya treni adimu za Hornby Dublo bila kuuza nyumba

Jumapili kuanzia saa moja usiku hadi saa tatu ndiyo saa mbaya kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Hapa Uingereza wauzaji wengi wa mtandaoni hupanga minada yao ifungwe wakati huo, watu wakiwa wameshakula na wamejilaza kwenye kochi, simu mkononi. Dakika tano za mwisho bei inaanza kuruka, moyo unadunda, na mama mzima mwenye wajukuu anajikuta akishindana na mtu asiyemjua kugombea behewa la maziwa lenye urefu wa kidole. Mama huyo ni mimi. Kwetu ni Makupa, Mombasa. Sasa naishi Liverpool, nahudumia wazee majumbani mwao, na nakusanya treni za Hornby Dublo, zile ndogo za umeme za kuchezea.

Ndugu wakija kunitembelea huuliza mambo mawili: zinagharimu kiasi gani, na mtu anaanzaje. La kwanza silijibu mume wangu akiwa karibu. La pili nalijibu hapa kwa kirefu, maana kuanza ni rahisi mno. Kazi ni kuendelea ukiwa na akili zako timamu na kodi ya nyumba imelipwa.

Jua kinachokuvuta

Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafanyia majaribio njiwa waliokuwa wakidonoa kitufe ili wapate punje. Punje zikija kwa mpangilio unaoeleweka, njiwa hudonoa kisha hupumzika. Zikija bila mpangilio, leo baada ya kudonoa mara mbili, kesho baada ya mara hamsini, njiwa hadonoi tena kwa raha zake: anadonoa mfululizo kama aliyelogwa. Treni adimu huja hivyo hivyo. Unaweza kupekua majuma mazima usione kitu cha maana, halafu asubuhi moja, katikati ya picha za vyombo vya kaure na saa mbovu, linachungulia boksi la buluu la Dublo ambalo muuzaji hajui ni nini. Siku hiyo hulali.

Utamu uko kwenye kutafuta. Mzigo ukishafika, ukafunguliwa na kupigwa picha, utamu umekwisha jioni ile ile na mkono unarudi kwenye simu. Ukilikubali hilo mapema, utaona kwamba kanuni zangu zote zinafanya kazi moja: kuuacha mkono utafute sana kwa gharama ndogo, na kuufanya ununuzi uwe mgumu.

Basi fanya hivi. Bei ya juu kabisa utakayolipa iandike mchana, tumbo likiwa limeshiba, kwenye karatasi, siyo kichwani. Minada ya mtandaoni kama eBay inakuruhusu kuweka dau lako la mwisho mara moja, na mtambo wenyewe unakupandishia kidogo kidogo hadi hapo. Weka dau, zima simu, iache jikoni, nenda kakunje nguo. Ukishinda utajua asubuhi. Ukishindwa, aliyekushinda amelipa zaidi ya ile bei uliyoiandika ukiwa na akili yako. Kukaa kuangalia saa ikihesabu sekunde ndiko kunakowamaliza watu, na wanaotengeneza minada wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Chagua dirisha dogo

Hornby ni bahari. Frank Hornby, mtu wa hapa hapa Liverpool aliyebuni Meccano, vile vipande vya chuma vya watoto kuungia, alianza kutoa treni mwaka 1920, zile kubwa za bati. Dublo, ambayo ni ndogo, milimita 4 za modeli kwa kila futi moja ya treni halisi, ilitoka mwaka 1938 katika kiwanda cha Binns Road. Mwaka 1964 kampuni ikachukuliwa na Lines Bros, wenye Tri-ang, ikawa Tri-ang Hornby, kisha Hornby Railways, na jina lipo madukani mpaka leo. Ukijisemea "nakusanya Hornby", umejitakia: kila duka na kila mnada utakuwa na kitu cha kukuita kwa jina lako.

Dirisha langu mimi ni Dublo ya reli tatu iliyotolewa kati ya 1959 na 1964. Basi. Nieleze kwa nini, maana hapo ndipo siri ya uadimu ilipo.

Dublo tangu mwanzo ilitembea juu ya reli tatu: umeme unaingia kwa reli ya kati, chini ya kichwa cha treni kuna kipande cha chuma kinachoisugua reli hiyo, na unarudi kwa reli za pembeni. Ni mfumo imara, hausumbui. Ila treni halisi haina reli ya kati, na wapinzani, Tri-ang hasa, walikuwa wakiuza za reli mbili kwa bei nafuu. Mwaka 1959 Binns Road nao wakaleta reli mbili. Hawakutaka kuwatupa wateja wa zamani waliokuwa wameshajaza sakafu reli tatu, kwa hiyo vichwa vipya vingi walivitoa kwa namna mbili. Cha reli mbili kinaitwa City of London, mwenzake wa reli tatu City of Liverpool. Barnstaple ni wa reli mbili, Dorchester wa reli tatu. Vya reli tatu vilitengenezwa vichache kwa sababu wanunuzi wake walikuwa wakipungua kila mwezi. Leo City of Liverpool kwenye boksi lake huenda kwa mamia ya pauni, na wazee ninaowahudumia huniambia walikuwa wakikiona dirishani mwa duka wanapita zao.

Uadimu wa kweli huzaliwa namna hiyo, kitu kikikosa mteja wakati wake. Marekani, kampuni ya Lionel ilitoa mwaka 1957 treni yenye kichwa cha rangi ya waridi kwa ajili ya wasichana. Wasichana hawakuitaka. Sasa wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba, na wenye mikono myepesi wanapaka rangi treni za kawaida ili wawauzie.

Kwa mantiki hiyo hiyo, kaa mbali na treni inayozaliwa ikiitwa adimu. Utaiona dukani: "toleo maalumu", nambari yake, cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kila aliyeinunua ameitunza kwenye boksi, cheti juu. Miaka ishirini baadaye zote zipo, zote mpya, zote zinatafuta mnunuzi. Kama unaipenda, inunue uichezee. Usiihesabu kuwa akiba.

Dirisha dogo lina faida ya pili: linakupa neno la kusema hapana. Nimekulia karibu na reli, na zile treni kubwa za mvuke, Garratt za daraja la 59, zikivuka Makupa ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya ndara. Zilitengenezwa 34, na Beyer Peacock wa Manchester, kati ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, imekaa kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Manchester ni safari fupi kutoka kwangu. Unadhani sijatamani kuwa nayo kwenye meza? Lakini reli yetu ilikuwa ya mita moja. Ukiipunguza mara 87, unapata milimita 11 na nusu, na wanaotengeneza modeli za kipimo hicho hutumia reli ya milimita 12. Dublo inatumia 16.5. Ningehitaji reli nyingine na meza nyingine. Garratt iko nje ya dirisha, na nje itabaki.

Mkono ujifunze kwanza

Aliyewahi kununua mitumba soko la Kongowea anajua kwamba anayepata kamera, yaani nguo bora, ni yule ambaye vidole vyake vinajua kitambaa kabla macho hayajaona lebo. Treni ni vivyo hivyo. Kabla ya kugusa kitu cha mamia, nunua kitu cha bei ya chini kinachopatikana kila mahali. Mimi huwashauri watu waanze na kile kichwa kidogo cheusi cha Shirika la Reli la Uingereza, namba 69567. Kilitolewa kwa wingi, ni cha chuma kizito, na hakuna atakayelia kikikwaruzwa. Kikae mkononi mpaka uzoee uzito wake. Kifungue. Tazama rangi ya kiwandani inavyokaa kwenye kona, jinsi maandishi yanavyong'aa kidogo kuliko rangi iliyo chini yake. Hicho ndicho kipimo chako. Kila kitu cha ghali utakilinganisha nacho.

Ukikifungua, angalizo moja: injini za zamani zina sumaku, na ukichomoa amecha, ile sehemu ya injini inayozunguka, bila kuweka kipande cha chuma mahali pake, sumaku hupoteza nguvu. Kichwa kitarudi kwenye reli kikitembea kama mgonjwa aliyetoka hospitali jana. Mafundi wa kuirudishia sumaku nguvu wapo, lakini kwa nini ujitafutie gharama.

Kukagua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapookolewa.

Chukua mfano wa City of Liverpool. Namba yake ubavuni ni 46247. Namba ya City of London ni 46245. Umeona? Tarakimu moja tu. Mtu mwenye City of London iliyochoka, boksi lililochanika na chasisi ya reli tatu iliyotoka kwenye kichwa kingine, anaweza kukaa mezani jioni moja akatengeneza "adimu". Kwa hiyo nakwenda na lenzi ya sonara na naanza na ile 7. Je, imekaa sawa na wenzake, au imeinama? Nafasi kati yake na 4 ni ile ile? Nikiigeuza kwenye mwanga wa dirisha, inang'aa sawa na zile nyingine nne, au kuna kivuli cha mraba cha vanishi kuizunguka? Nahamia kwenye jina, nakagua namna hiyo hiyo. Halafu nageuza chini. Skrubu za kiwandani ambazo hazijaguswa zina mfereji safi. Zilizofunguliwa na bisibisi isiyofaa mfereji wake umetafunika kingo. Kufunguliwa si dhambi, kila treni iliyotunzwa imefunguliwa kutiwa oili. Ila kama muuzaji ameapa kwamba haijawahi kuguswa, na skrubu inasema vingine, mimi nasikiliza skrubu.

Natazama kile kipande kinachosugua reli ya kati. Kikiwa na mfereji uliolika, treni imetembea maili nyingi. Sharti kilingane na hali ya magurudumu na rangi. Mwili unaong'aa juu ya chasisi iliyochakaa ni ndoa ya pili.

Kisha tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile wanayotumia kukagulia noti. Rangi iliyopakwa upya mara nyingi hujitenga na ya zamani chini ya mwanga huo. Boksi nalo lina siri zake. Maboksi ya kuiga yanauzwa waziwazi, bila ubaya, kwa wenye treni zisizo na nyumba. Shida ni yanapouzwa kuwa ya asili. Karatasi nyingi za kisasa zimetiwa dawa ya kung'arisha, zinawaka buluu kali chini ya tochi. Boksi linalodaiwa kuwa la 1938 likiwaka kama kanzu ya Idi, rudisha mezani, sema asante.

Ukivutwa na za kabla ya vita, ongeza jambo moja: chuma kinachooza. Aloi ya zinki iliyokuwa ikitumika, ikichanganyika na risasi hata chembe ndogo sana, huanza kupasuka kutoka ndani. Kwanza ni vinyufa vyembamba kama nywele, kisha chuma kinavimba, kinapinda, mwisho kinamomonyoka mkononi kama biskuti. Haina dawa. Haiambukizi treni ya jirani, ila unyevu huiharakisha. Angalia magurudumu na chasisi ya mabehewa: behewa lililonyooka likikaa kwenye kioo haliinuki ncha. Likiinuka, ujue limeshaanza.

Umeme wa Dublo ni volti 12, wa mkondo mmoja (DC). Usijaribu kamwe kichwa cha Dublo kwenye kifaa cha Märklin ya Kijerumani, ingawa nayo ina njia ya kati, kwa sababu yenyewe inatumia umeme wa kubadilika (AC). Na yale maboksi ya umeme ya miaka ya 50 yanayouzwa pamoja na seti, weka kabatini yawe mapambo. Nyaya zake zimezeeka na plagi ya Kenya ni sawa na ya Uingereza, kwa hiyo hakuna cha kukuzuia kuichomeka na kujidhuru. Nunua kidhibiti kipya.

Pesa

Mnada wa ukumbini una bei mbili: ile ya nyundo na ile utakayolipa. Chukua nyumba ya mnada inayotoza mnunuzi ada ya asilimia 25, na juu ya ada hiyo VAT ya 20. Nyundo ikigonga kwenye pauni 200, ada ni 50, VAT ya ada ni 10. Utatoka na 260, kabla ya usafiri. Dau unaloliandika kwenye karatasi liwe limeshahesabu hayo.

Pesa za treni zina akaunti yake, kibubu changu. Inaingia kiasi kile kile kila mwezi, kikiisha kimeisha. Kabati langu nalo limejaa, kwa hiyo kikiingia kimoja kinatoka kimoja, na sheria hii imenizuia zaidi ya mahubiri yote ya mume wangu, kwa sababu kabla ya kununua inabidi nisimame mbele ya kabati nichague wa kumfukuza.

Kumlisha yule njiwa bila kufilisika, jiunge na Hornby Railway Collectors' Association, chama kilichopo tangu 1969. Wana jarida, wanakutana, wanauziana. Soma matokeo ya minada ya zamani uandike bei. Ni kutafuta pia, na ni bure. Tafuta vitu vidogo: kipande cha ndani cha boksi, kishikio cha behewa, karatasi ya maelekezo. Kupata karatasi ya pauni mbili iliyokosekana kwenye boksi lako kunaleta furaha ile ile, nakuapia. Na amka mapema uende kwenye yale masoko ya Jumapili ambako watu wanauza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti la gari. Hattons, duka lililoanzia hapa Liverpool mwaka 1946 na lililokuwa kimbilio la wengi kwa vitu vilivyotumika, lilifunga 2024, kwa hiyo macho yako sasa yana kazi zaidi.

Kwa walioko Mombasa, Zanzibar au Muscat wanaotaka kutumiwa: adui wenu ni unyevu na chumvi ya hewa. Bati linashika kutu, boksi linaota ukungu. Hifadhi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, vifuko vya kunyonya unyevu ndani, vibadilishwe. Usifunge kwa gazeti; wino hushika rangi. Juani kamwe.

Dalili

Ukianza kupokea mizigo kazini ili isionekane nyumbani, umeshaumwa. Ukiwa na maboksi yaliyofika na hujayafungua, umeumwa zaidi. Ukitaja bei nusu ukiulizwa, kaa chini uzungumze na mtu.

Dawa yangu ni Ramadhani. Mwezi mzima sinunui wala sifungui kurasa za minada. Baada ya futari natandika reli sebuleni, wajukuu wanakaa chini, naendesha vilivyopo. Vinanuka oili iliyopata moto na vumbi la bati, vinapiga kelele, balbu ya sebule inapepesa. Watu wengi wenye treni za thamani hawaziendeshi, wanaogopa kushusha bei. Mimi naona treni isiyotembea inakuacha na njaa, na mwenye njaa ndiye anayenunua ovyo.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila kitu kiandikwe: jina, namba, kilinunuliwa wapi na kwa bei gani, kina boksi au hakina, na kama kina kasoro, kasoro gani. Andika pia kipelekwe kwa nani siku ukiwa huwezi: mnada wa watu wanaojua treni, siyo wa samani, na boksi lisitenganishwe na chake, maana wanaosafisha nyumba za marehemu hutupa maboksi kwanza. Kila mwisho wa mwaka napiga picha kurasa zote namtumia binti yangu kwa WhatsApp. Hajawahi kuzifungua. Zipo.